Mjomba, kabla hujapanda tena kwenda Nairobi

Mjomba, shikamoo.

Simu yangu huishiki, na sitaki kumtuma mtu maneno yakafika kwako yamepinda. Najua vijana wako hukusomea ninayoandika hapa, basi nakuandikia hapa hapa, mbele ya watu. Na wewe uliyoyasema uliyasema mbele ya watu.

Mkazamjomba kaniambia umenunua baiskeli nyingine, ya mtumba, ile ya mashindano yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na kwamba unangoja kusi ikolee uondoke tena Mombasa kwenda Nairobi kwa baiskeli. Kwa kusi huna kosa. Upepo ule unatusukuma mgongoni tukielekea bara, na kuanzia Juni jua lenyewe limepungua ukali. Mara ile tuliondoka Februari, kaskazi inavuma, joto la kuvunja mawe, nikakwambia tungoje, ukanijibu kuwa pepo ni za manahodha.

Baiskeli nimeiona. Nilipita kwako ukiwa msikitini, nikaomba nifunguliwe ua, usimkasirikie mkeo. Nimeikagua nimepiga magoti. Fremu ni ya chuma kizuri, haina ufa penye maungio, na ukiivuka kwa miguu yote miwili bado inabaki nafasi ya vidole kati yako na bomba la juu, kwa hivyo kimo chake kinakufaa. Lakini tairi zake ni za milimita 23, na nilipozibonyeza ubavuni kwa kidole gumba raba ilifunguka vijiufa kila mahali. Zimekaa ghala la Ulaya miaka, kisha zikapikwa ndani ya kontena. Zitoe. Fremu ile itapitisha 28, nimepima. Tairi pana huhitaji upepo mchache, na huo mchache ndio utakaokulinda mgongo na viganja kwenye lami iliyochimbwa na matrela ya bandarini.

Pancha za njia ile wewe unadhani ni miba ya migunga. Miba ipo, lakini adui mkubwa ni nyuzi za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, zimebaki kando ya barabara pale pale sisi wa baiskeli tunaposukumwa. Uzi ule ni mwembamba, jicho haliuoni. Ukibadilisha tyubu bila kuutoa, umebadilisha bure. Kilomita mbili mbele unakaa chini tena. Chukua kitambaa, si kidole, ukizungushe ndani ya tairi polepole. Kitakaponasa, hapo hapo. Uung'oe kwa kibanio cha nyusi, kile cha mkazamjomba kinatosha. Beba tyubu tatu na viraka juu yake. Na valvu za tyubu zako ni zile nyembamba za kufungua kwa skrubu, pampu ya petroli stesheni haizikamati. Kuna kishaba kidogo cha kuvika juu yake. Kinauzwa bei ya chai, ila ukikikosa ukiwa kule njiani Maungu hutakipata kwa pesa yoyote.

Gia ndizo zinazonitia hofu. Nimehesabu meno: mbele 53 na 39, nyuma kubwa kabisa ni 25. Hiyo ni gia ya kijana anayeshindana, si ya mzee mwenye goti lile unalolifunga bendeji ukienda sala ya alfajiri. Mlima unaanza mapema, Mazeras hapo, na baada ya hapo nchi inazidi kupanda hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kilomita 480 na kitu za kupanda, Mjomba, hata pale macho yanapokwambia ni tambarare. Kaseti, lile fungu la gia za nyuma, kubwa yake iwe na meno 32 au 34, na ule mkono unaohamisha mnyororo ubadilishwe uwe mrefu, kwani huo mfupi hautamudu. Mnyororo wenyewe upime kwa futi ya fundi cherehani: pini kwa pini, inchi 12 lazima ziwe 12. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, umekwisha, na utakula kaseti mpya nayo.

Kiti kipandishe. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wima bila nyonga kuinama. Wewe umezoea kukaa chini kama kwenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, na hiyo ndiyo inayolimaliza goti. Kioo funga kulia, magari yanatupita kulia, na sikio lako la upande huo sote tunalijua hata kama nyumbani hatulisemi.

Sasa maji.

Mjomba, sikuwahi kukwambia uliniuliza nini pale Taru.

Tulikuwa tumeshapita Samburu. Chupa zako mbili zilikuwa zimekwisha na yangu ulikuwa ukiikataa kila nikikupa, unasema nitaihitaji mwenyewe. Ulishuka, ukaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, ukakaa juu ya changarawe. Nikakugusa shingoni. Moto, na kavu, hakuna jasho hata tone, fulana imebaki na mistari ya chumvi. Ukaniangalia vizuri kabisa, ukauliza, "Mamako ashakula?" Nikanyamaza. Ukauliza tena, kwa ile sauti yako ya ukali, "Nakuuliza, dadangu ashakula?"

Mamangu tulimzika pamoja. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumpokea.

Hapo nikasimama katikati ya barabara nikainua mikono yote miwili, na Mungu akaleta lori la vitunguu lililokuwa likishuka Mombasa. Tulikulaza juu ya magunia mimi na turniboi. Nilikumiminia maji kichwani, shingoni, kwapani, njia nzima, mpaka Mariakani hospitalini. Mashuka ya baridi yalipokurudishia akili, neno la kwanza uliloniambia ni, "Umenivua nguo." Nikasema inshallah ni homa inayosema.

Lakini haikuwa homa. Baada ya wiki ukakaa barazani ukawaambia wazee kuwa ni mimi niliyeshindwa na njia, nikatafuta kisingizio kwako. Nimelisikia kutoka kwa watu, si mmoja. Na siku ya Iddi ulimpa mkono kila mtu ukumbini, hadi watoto wa jirani, mimi ukanipita nikiwa nimeshainama kuubusu.

Lile la "umenivua nguo" nalimeza, wewe ni mkubwa wangu. La barazani limenikaa kooni. Ningefanyaje? Mtu anayeuliza kama marehemu amekula hapewi moyo aendelee. Joto likishaingia kwenye akili hakuna mashauriano tena, mtu anapoozwa hapo hapo na anapelekwa kwa daktari, heshima yake itatengenezwa akiwa hai. Ningekuacha ukae upumzike kidogo, kama ulivyotaka, leo tungekuwa tunakusomea hitma. Na mimi ndiye ambaye ukoo mzima ungenisema, tena kwa haki: alikuwa naye, akamtazama. Nililisimamisha lori lile, na kesho likinifika la namna hiyo nitalisimamisha jingine.

Na kilichonifanya ninyamaze kwa watu ni lile swali lako. Sikutaka mtu ajue ulivyokuwa ukimwita. Nilijua mwenyewe unavyomlilia, kwa kuwa hukulia matangani.

Basi maji. Kila saa nusu lita, jua likipanda fikisha lita. Chupa mbili za fremu hazitoshi, weka na mfuko wa maji wa mgongoni. Na yasiwe maji matupu kutwa nzima, kwani jasho linachukua chumvi, na mtu anayejaza maji matupu anaweza kuanguka vilevile. Lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Nyika ya Taru si ya kudharau. Reli ilipojengwa kutoka kwetu mwaka 1896 kwenda mbele, waliovuka pale walisombewa maji kutoka nyuma.

Toka Makupa saa kumi alfajiri, taa mbele na nyuma, shati la kung'aa, kabla matrela hayajaamka. Usiitafute Voi siku ya kwanza, ni kilomita 150 na zaidi. Lala Mackinnon Road. Utaswali kwenye ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, unapopapenda. Kesho yake Voi, ulale mapema. Toka Voi hadi Mtito Andei unapita katikati ya mbuga za Tsavo, tembo wanavuka barabara wapendavyo. Hapo magharibi isikukute njiani kabisa. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, msafiri wa dini yoyote analishwa bure na kupewa pa kulala. Kula chao, dengu na chapati, hakuna nyama ya kukutia wasiwasi. Mfukoni tende. Mahamri ya mkazamjomba mwisho saa nne asubuhi, baada ya hapo mafuta yanakaa tumboni.

Mengine yote ulinifunza wewe. Chuoni nilikwenda nimekaa kwenye keria yako, nimeshika shati lako, unanisomesha Juzuu Amma huku unakanyaga pedali, na nikikosea unapiga kengele. Kushika breki ya nyuma kwanza, kutoikaribia lori inayokata kona, kushuka na kusukuma penye mchanga, nimejua kwako. Ndiyo maana jambo hili siwezi kuliacha liende. Ungekuwa mtu wa mbali ningekuombea dua tu nikalala.

Tairi za 28 nimeshanunua, na kaseti, na mkono mrefu wa nyuma, viko dukani kwangu kwenye kasha. Mtume kijana achukue, fundi nimeshamlipa. Shukrani sitaki. Nataka barazani pale pale, mbele ya wazee wale wale, useme lori lilisimamishwa kwa ajili yako. Huna haja ya kutaja swali.

Na kama hutaki niende nawe, sawa, ni haki yako. Mimi nitatoka Makupa dakika kumi nyuma yako nikiwa na lita sita za maji. Barabara ni ya serikali, Mjomba, huwezi kunikataza.