Chumvi kwenye chupa za barafu ni hasara kwa wauza samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachuuzi wa samaki wa Mwanza, wa Mwaloni Kirumba na wanaovuka kutoka Ukerewe. Wengi wanagandisha maji kwenye chupa ili sato na sangara wasiharibike njiani, na ushauri unaozunguka kwenye makundi ya simu ni kutia chumvi nyingi ili chupa "ishike baridi". Kwa friza za kawaida, ushauri huo ni hasara tupu.

Barafu hufanya kazi kubwa pale inapoyeyuka. Kilo 1 ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334 za joto, yenyewe ikiwa bado nyuzi 0. Joto hilo lingetosha kupandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Sasa, maji yenye kilo 3 za chumvi kwa lita 10 hugandia nyuzi -21 hivi, na friza ya dukani huishia kwenye -18. Chupa inatoka baridi ya kuuma vidole, kumbe ndani ni maji, itikise utasikia. Mpaka ifike nyuzi 0 itakuwa imefyonza kama kilojuli 60 kwa kilo. Ya maji matupu, kutoka friza ileile, inapita 370.

Chumvi kidogo nayo ina ubaya wake: chupa huganda kwa sehemu kubwa, ila huyeyukia chini ya nyuzi 0, na samaki huanza kuganda kwenye -1. Anayeigusa ataganda polepole, chembe za barafu zichane nyama, na akiyeyuka anatoa maji na kulegea.

Tumia maji matupu. Jaza chupa sehemu 9 kati ya 10, maana maji yakiganda hutanuka na chupa iliyojaa hupasuka. Chagua chupa za nusu lita, achana na madumu: unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kuganda huongezeka karibu mara nne, ndiyo maana dumu la lita 20 hutolewa kesho yake likiwa bado na maji katikati. Kwenye friza ya kifuniko cha juu, mabomba ya ubaridi yako kwenye kuta, kwa hiyo chupa ambazo hazijaganda ziegemee ukutani na ziachiane nafasi.

Chupa hutunza ubaridi, lakini hupoza taratibu kwa kuwa hazimgusi samaki kila upande. Mtumbukize kwanza kwenye beseni la maji safi na barafu iliyopondwa, ndipo aingie kwenye boksi la foamu. Kumshusha kilo 1 ya samaki kutoka nyuzi 25 hadi 0 kunakula robo kilo ya barafu na zaidi kidogo; inayobaki inapambana na joto linalopenya boksi. Safari ndefu, pakia kilo ya barafu kwa kilo ya samaki.

Chupa iliyotoka friza sasa hivi isimguse samaki. Isubiri hadi ukiitikisa barafu icheze ndani, kama wauguzi wafanyavyo kabla ya kupanga chanjo kwenye kasha.

Pakiti za jeli zinazouzwa kwa bei kubwa ni maji kwa sehemu kubwa. Faida yake ni kwamba zikitoboka hazimwagiki ovyo.

Chumvi waachiwe wanaosafirisha minofu iliyogandishwa, wenye friza zinazoshuka hadi -25 au chini zaidi.

Fundi majokofu,
Igoma, Mwanza