Rehema, usilipe kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, watoto hawajambo, na goti la mama limetulia. Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Sina maneno mengi ya salamu leo kwa sababu ujumbe wako umeninyima raha. Unasema kesho kutwa unapeleka pesa ya ile kontrola ya DJ (meza ya vitufe inayochomekwa kwenye laptopu) ya chaneli nne, yaani njia nne za nyimbo, iliyotumika, na picha uliyonitumia inaonyesha uso wake tu, taa zinawaka kila rangi. Nakuomba usilipe kwanza. Soma barua hii yote, halafu uamue, maana pesa ni yako na jasho ni lako.

Lakini nikwambie kwanza kwamba nimefurahi mno. Kibibi aliponiambia Zawadi amekuomba upige muziki kwenye sherehe yake, nilipiga kelele peke yangu chumbani. Siku zote umekuwa na kile kitu ambacho hakuna duka linalokiuza: unajua wimbo huu ukiisha watu wanataka kusikia nini. Madijei wengi wana mashine nzuri na hicho hawana. Kwa hiyo sikuandikii kwa kuogopa kwamba hutaweza. Naogopa chombo kibaya kisije kikakukatisha tamaa kabla mkono haujazoea.

Sasa sikiliza. Mashine yoyote utakayoonyeshwa, iwe ndogo au kubwa, mpya au kuukuu, iulize swali hili kabla ya mengine yote: je, naweza kusikia wimbo wa pili kwenye hedifoni wakati watu wanasikia wa kwanza kwenye spika? Hiyo ndiyo kyu. Kazi nzima ya DJ imelala hapo. Bila kyu unabahatisha. Unafungua wimbo wa pili mbele za watu ndipo unajua umeanzia wapi. Taa, pedi na efekti ni mambo ya baadaye.

Ili hilo liwezekane, mashine inatakiwa iwe na kadi ya sauti ndani yake yenye njia mbili zilizotengana: moja inakwenda kwenye spika, nyingine kwenye hedifoni zako. Laptopu kwa kawaida ina tundu moja tu la sauti, kwa hiyo yenyewe haikutoshi. Na usidhani kila kontrola inayo. Pioneer DDJ-200, kwa mfano, ni nyepesi na ina sura nzuri, lakini haina kadi ya sauti. Inakuja na waya wa kugawanya sauti, upande mmoja kwako na upande mmoja kwa spika, na kila upande unabaki mono, yaani sauti ya kushoto na ya kulia zimekuwa moja. Kwa kuonja tu inafaa. Kwa mtu ambaye tayari ana sherehe mbele yake, hapana. Ndugu zake, DDJ-400 iliyotoka 2018 na DDJ-FLX4 iliyoifuata, zina kadi ndani. Hercules Inpulse 300 nayo inayo, tena ina vitaa vinavyokuonyesha kama uongeze mwendo au upunguze. Numark Mixtrack Pro FX pia. Hizo zote ni za chaneli mbili, na hapo ndipo ningependa uanzie.

Najua utaniuliza, kwa nini nisinunue nne moja kwa moja nisije nikanunua mara mbili? Kwa sababu nyimbo unazochanganya ni mbili. Unaotoka na unaoingia. Hata kwenye kumbi kubwa, pale wanapotumia zile CDJ, yaani playa za DJ zinazojitegemea, na mixa ya kuchanganya sauti, DJ anaweza kumaliza usiku mzima kwa playa mbili tu. Chaneli ya tatu na ya nne ni za mtu ambaye mikono yake imekwishazoea zile mbili za mwanzo na bado inatafuta kazi. Kingine, baadhi ya kontrola za chaneli nne zinahitaji programu kamili ya kulipia ndipo chaneli zote zifanye kazi. Serato DJ Lite, programu ya DJ ya bure, ina deki mbili tu, yaani inapiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Je, huyo muuzaji alikwambia hilo? Nina hakika alikusifia taa.

Ngoja nikuonyeshe kyu inavyotumika, ili ukienda kuijaribu ujue unatafuta nini. Wimbo wa kwanza unapiga kwenye spika. Unavaa hedifoni, sikio moja umelifunika, jingine umeliacha wazi. Unabonyeza kitufe cha kyu kwenye chaneli ya pili, feda yake, kile kitelezo cha kupandisha sauti, ikiwa chini kabisa, kwa hiyo watu hawasikii kitu. Unaurudisha wimbo nyuma taratibu kwa gurudumu, mpaka unakuta pale besi ya kwanza inapopiga. Unaushikilia hapo. Sikio lililo wazi linahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kwenye moja unauachia. Kama mwendo haulingani utasikia ngoma mbili zikifukuzana, ta-tam, ta-tam. Unasogeza kidogo feda ya tempo, ile ya kubadili mwendo, unasikiliza tena, mpaka zinakuwa tam moja. Hapo ndipo unapandisha feda, huku unapunguza besi ya wimbo wa kwanza ili besi mbili zisigombane. Rehema, siku ya kwanza utakayosikia zile mbili zikiwa moja, utaniandikia wewe.

Na kwa sababu hiyo iangalie sana feda ya tempo. Kwenye mashine ndogo kupita kiasi feda inakuwa fupi, ukiisogeza upana wa ukucha mwendo unaruka. Chukua yenye feda ndefu kadiri utakavyoweza. Magurudumu nayo yasiwe madogo kama kifuniko cha chupa, kidole kinahitaji nafasi.

Haya mambo ya kusikia kabla ya watu si ya jana. DJ Kool Herc alipopiga ile sherehe ya Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, wenyewe wanayoihesabu kuwa mwanzo wa hip hop, alikuwa na santuri mbili na masikio yake. Baadaye Grandmaster Flash, kijana wa hukohuko aliyependa kufungua vitu vya umeme, akajitengenezea swichi ya kusikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni kabla haijafika kwa umati. Hakuwa na kifaa chenye kyu, na kati ya vyote ambavyo angeweza kuvitengeneza akachagua hicho. Inatosha kukuonyesha kipi kinatangulia.

Kuhusu santuri za marehemu baba yako, nimeliwaza sana swali lako kama uziuze au uanze nazo. Usiziuze, na usianze nazo. Kupiga kwa santuri kunataka mashine mbili zenye mota inayozungusha sahani moja kwa moja, aina ya Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972 na mpaka leo watu wanaitafuta. Zile za sebuleni zinazozungushwa kwa mkanda hazifai, ukishika santuri kwa kidole inachelewa kurudi kwenye mwendo. Juu ya hapo unahitaji sindano nzuri mbili, na mixa yenye matundu ya fono, kwa sababu sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno na lazima ikuzwe na kusawazishwa. Ni gharama juu ya gharama. Anza na kontrola, jifunze kuhesabu, na santuri za mzee zikusubiri zikiwa zimesimama wima mahali pasipo jua. Zikilazwa moja juu ya nyingine zinapinda.

Turudi kwenye hiyo ya kwako, maana sijamaliza nayo. Kama roho yako imeng'ang'ania iliyotumika, sawa, vyombo vilivyotumika vinaweza kuwa vizuri sana. Lakini nenda na laptopu yako mwenyewe na hedifoni zako, usikubali kuonyeshwa kwa laptopu ya muuzaji. Chomeka. Sogeza kila feda taratibu kutoka chini hadi juu huku muziki unapiga. Ukisikia mkwaruzo au sauti inakatika, imechoka au imejaa vumbi. Tikisa kidogo waya wa USB pale unapoingia. Mashine ikizimika, tundu limelegea. Bonyeza kila kitufe, hata kile unachodhani hutakitumia. Halafu hakikisha kiwanda bado kinatoa draiva (programu ndogo zinazoifanya laptopu iitambue) za mashine hiyo kwa mfumo wa laptopu yako, kwa sababu kontrola za zamani huachwa nyuma, na ukisasisha laptopu zinageuka pambo la mezani. Hilo litazame kwenye tovuti ya watengenezaji. Usimuulize anayetaka kuuza.

Pesa utakayookoa kwa kuchukua ya chaneli mbili, weka kwenye hedifoni. Hapa ndipo watu wanabana na ndipo hapafai kubanwa. Nunua za waya, zinazofunika sikio na kuzuia sauti ya nje, na kikombe kimoja kiweze kugeuzwa. Sennheiser HD 25 zipo tangu 1988 na madijei bado wanazivaa, kwa sababu ni nyepesi na kila kipande kinabadilishwa kikiharibika. Za Bluetooth usiziguse kwa kazi hii. Sauti yake inaweza kuchelewa hata milisekunde 200, na kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika kila pigo lina milisekunde 500. Utakuwa unalinganisha na kitu kilichokwishapita. Spika za Bluetooth zina shida hiyohiyo, kwa hiyo ile uliyopewa na shemeji iache kwa redio.

Spika kubwa usinunue. Kwa mazoezi inatosha jozi ndogo yenye amplifaya ndani, na kwa sherehe ya Zawadi mtakodi. Ila ukifika pale kwa fundi wa muziki, angalia taa za kipimo cha sauti kwenye mashine yako: kijani, ikigusa njano kidogo, basi. Nyekundu ina maana sauti imezidi kipimo na vilele vyake vinakatwa, na kupandisha zaidi hakuongezi chochote ila kelele. Kama haisikiki vizuri, aongeze yeye kwenye amplifaya.

Programu isikutie hofu. Nyingi ya hizo kontrola zinakuja na rekordbox au Serato, na kama huna pesa ya kulipia kuna Mixxx, ya bure kabisa, inayokubali kontrola nyingi. Kitufe cha sinki, kinacholinganisha mwendo wa nyimbo chenyewe, kipo na wala si dhambi kukitumia. Mimi nakusihi tu ujifunze na bila hicho, hasa kwa vile najua utapenda kupiga zilipendwa. Nyimbo za bendi zilipigwa na binadamu, mwendo wao unapanda na kushuka kadiri walivyonogewa, na programu ikijaribu kuzichorea mistari ya mapigo inapotea njia. Hapo yanabaki masikio yako tu, na tumerudi palepale kwenye kyu.

Nyimbo zenyewe zitafute zenye ubora. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inatosha. Zile zilizorekodiwa kutoka kwenye video na kutumwatumwa kwenye simu, kwenye spika kubwa besi yake inakuwa tope. Wewe una nyimbo nzuri lakini nyingi ni za namna hiyo, tutazipitia pamoja.

Sasa nijibu haya kabla hujatoka na pesa. Hiyo mashine inaitwaje hasa, na ni ya mwaka gani? Nyuma yake kuna matundu gani ya kuunganisha spika, ya RCA, ya XLR, au yote mawili? Adapta yake ya umeme ipo, au ni ile ya kuazima? Laptopu yako ina RAM kiasi gani, na bado ina lile tundu la USB la kawaida au ni la USB-C tupu? Muuzaji atakubali ukae nayo hata saa moja ukiijaribu? Mbona anaiuza? Na Zawadi ameshapanga tarehe, au bado ni yale maneno yake? Maana kama kuna muda wa kutosha, sioni sababu ya kukimbizana na mtu anayekwambia kuna mteja mwingine anasubiri.

Nitumie picha ya upande wa nyuma leo hiihii, hata usiku. Na pale mbele, sehemu ya hedifoni, ipige kwa karibu nione maandishi.

Msalimie mama, na Kibibi mwambie bado nangoja jibu lake.

Wako akupendaye,
Mwanahawa