Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Meli za Kifahari na Visiwa vya Kusini

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Tunakuandikia kutoka Dodoma, si mbali na ofisi yako ya Mtumba, sisi mabaharia na waongoza watalii ambao kazi imetuleta huku bara. Ombi letu ni moja: meli za kifahari zinazokwenda Mafia, Songo Songo na Kilwa zipangiwe ratiba kwa jedwali la maji, na zioneshwe pa kutia nanga kabla hazijafika. Gati jipya linaweza kusubiri.

Hatuzungumzii yale maghorofa yanayobeba watu kwa maelfu. Hizi ni meli za abiria 100 hadi 200, zinasimama nje na kushusha wageni kwa boti za mpira, kumikumi. Mgeni analipa fedha nyingi kwa sababu meli yake inafika pasipo na gati. Ukimjengea gati, unamwondolea alichokifuata.

Tuanze na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti hapo huzidi mita tatu. Ratiba za meli hizi huandikwa Ulaya mwaka mzima kabla, na karibu zote zinafanana: kifungua kinywa saa moja, kushuka kisiwani saa tatu. Kwenye bamvua, saa tatu maji yanakimbia. Ikifika saa nne boti imekaa juu ya nyasi za bahari, na bibi wa miaka sabini na tano anavuka tope na mawe makali kwa miguu, viatu mkononi. Anaweza kuvunjika nyonga mahali ambapo hospitali kubwa iko mbali sana. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa nne hiyohiyo ndiyo maji yamejaa. Kila siku saa inasogea mbele kwa takriban dakika hamsini, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Bamvua, wageni washuke saa nane mchana na wawe wamerudi melini kabla ya saa kumi na mbili. Maji mafu, washuke asubuhi. Wakala anayeomba kibali aandike saa ya kujaa maji mbele ya kila kituo; akishindwa, arudishiwe fomu.

Nanga ndiyo inayotutia hofu zaidi. Meli ikisimama kwenye kina cha mita 30 hutoa mnyororo wa mita 150 hivi, mara tano ya kina. Maji yakigeuka, meli nayo inageuka, na mnyororo unafagia chini. Ukichora duara la mita hizo unapata karibu hekta saba. Ikiwa chini ni mchanga au tope, hasara ni ndogo. Ikiwa ni matumbawe, basi yale makubwa ya duara huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, na jiwe lililovunjwa asubuhi moja lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995 na watu wake wanajua mchanga uko wapi. Nahodha mgeni hajui. Ana ramani ya bahari ambayo huenda vipimo vyake ni vya zamani. Apewe nukta kamili za kutia nanga, au atumie mfumo wa kujishikilia mahali kwa setilaiti na rafadha za pembeni, ambao baadhi ya meli mpya za aina hii zinao.

Songo Songo kuna jambo la pekee. Kati ya kisiwa hicho na Somanga, pwani ya bara, bomba la gesi limepita chini ya bahari, na gesi hiyo imekuwa ikizalisha umeme tangu 2004. Nanga inayoburuzwa na kusi haichagui. Sehemu ya umeme unaowasha taa za Mtumba inaanzia pale.

Kuhusu maji taka, mkataba wa kimataifa unaruhusu maji ya choo yasiyosafishwa kumwagwa zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, na yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu zaidi ya maili tatu. Maji ya bafu, jikoni na dobi hayamo kwenye sharti hilo. Sasa, mkondo kati ya Mafia na delta ya Rufiji ni mwembamba. Humo hakuna mahali palipo maili 12 kutoka ardhini. Kibali kitamke wazi kwamba kuanzia kaskazini ya Mafia hadi Kilwa, hakuna tone linalomwagwa, la choo wala la dobi.

Idadi ya watu tusiivumbue upya. Galapagos wanakubali meli ya abiria wasiozidi 100, na mwongozaji mmoja hachukui zaidi ya wageni 16. Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kiganja kimoja hakidhuru, viganja mia mbili kwa saa moja vinakwangua. Msikiti Mkuu uingiwe kwa makundi, kundi jingine likiwa kwenye jumba la kale la Husuni Kubwa. Kwa papa potwe wa Kilindoni, kule Mafia, wanaoonekana zaidi Oktoba hadi Machi, tunashauri watu kumi majini kwa samaki mmoja, boti ikiwa imezima injini.

Tunajua hifadhi za bahari ziko Mifugo na Uvuvi, na meli ziko Uchukuzi. Lakini mgeni ni wako. Uhamiaji, forodha na afya ya bandari wamalize kazi yao bandari ya kwanza, Dar es Salaam au Mtwara, meli isisimamishwe tena nusu siku Kilwa huku maji yakipwa.

Jambo dogo ambalo husahaulika: wageni hawa hutembea na kadi za benki, na muuza mikeka wa Kisiwani hana mashine. Meli ibadilishe fedha mapema, noti ndogondogo za elfu mbili na elfu tano. La sivyo wanashuka, wanapiga picha, wanaondoka.

Na Dodoma? Tumesikia watu wakitamani abiria wa meli wapelekwe Kondoa kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo. Meli ikitia nanga Dar kwa siku moja, haiwezekani: treni ya umeme ni saa tatu na zaidi kwenda tu, kisha bado barabara ya Kondoa. Inawezekana kwa safari zinazoanzia au kuishia Dar, mgeni akiuziwa siku tatu za ziada. Hao ndio wa kuwafuata, na chupa ya mvinyo wa zabibu za Dodoma inaweza kuwatangulia mezani kwao melini.

Tuko tayari kuja Mtumba na ramani ya bahari na jedwali la maji la Novemba hadi Machi. Nusu saa inatutosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mabaharia na waongoza watalii tuishio Dodoma