Barua ya Kufunga Muhula: Uandishi wa Kitaaluma wa Watoto Wetu

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaam. Tumefunga muhula salama, na tunawashukuru kwa kuwa nasi bega kwa bega. Alama za watoto mtaziona katika ripoti zao. Barua hii ina jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu tuliposahihisha mitihani.

Wanafunzi wengi walipoteza alama ilhali somo wanalijua. Waliandika aina moja ya maandishi palipotakiwa nyingine. Katika ripoti ya jaribio la sayansi, kijana mmoja aliandika: “Tulichukua maji tukayapasha moto, yakachemka vizuri sana, tukafurahi.” Ripoti ingetaka: “Mililita 100 za maji zilipashwa moto, zilianza kuchemka baada ya dakika 4.” Anayesoma ripoti anatakiwa aweze kulirudia jaribio lile lile, ndiyo maana tunadai lengo, vifaa, hatua, matokeo na hitimisho. Furaha ya kijana yule naithamini sana, na mahali pake ni katika insha ya masimulizi.

Ufupisho hautaki maoni ya anayefupisha hata chembe. Uhakiki ni kinyume chake: mwanafunzi asipotoa maoni na kuyathibitisha kwa mifano ya kitabuni, atakuwa amesimulia hadithi tu.

Iliyotutoa jasho ni insha ya hoja. Watoto wanarundika hoja kumi, kila moja mstari mmoja. Afadhali tatu zilizoshiba, zenye sababu na mfano, pamoja na jibu kwa anayepinga. Hilo jibu ndilo linalosahaulika kila mara. Mfaransa Michel de Montaigne alipochapisha insha zake mwaka 1580, aliziita kwa neno lenye maana ya “majaribio”, kwa kuwa alikuwa akiyapima mawazo yake mwenyewe. Nami nawaambia wanafunzi wasiogope kugeuza msimamo wakiwa bado kwenye rasimu.

Katika kazi za utafiti za madarasa ya juu tulikuta aya nzima zilizonakiliwa kutoka intaneti. Kunukuu kunaruhusiwa, mradi mwanafunzi ataje mwandishi, mwaka na ukurasa. Kuficha chanzo ni wizi, na kazi za namna hiyo tumezirudisha ziandikwe upya.

Ombi langu kwenu likizo hii ni dogo. Mtoto anapokaa kuandika, mwulizeni kwanza: “Swali linakuambia ufanye nini?” Atafute kitenzi: eleza, jadili, linganisha, fupisha, hakiki. Akikujibu kwa maneno yake, mwacheni aandike mwenyewe. Tafadhali msimwandikie, hata kama sentensi zake zinapinda. Zinazopinda ndizo zinazotuonyesha pa kumsaidia.

Madaftari ya insha yanarudi nyumbani yakiwa na maoni ya walimu pembeni. Yasomeni pamoja naye, kisha yaje siku ya kufungua shule yakiwa na insha moja aliyoirekebisha.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu