Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama wa Klabu Yetu ya Mbio za Magari (Rali)

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mhazini, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, na ninyi ndugu wanachama mliofika,

Kwanza namshukuru Mungu kwamba tumekutana na hakuna jina la kusimama kimya kwa ajili yake. Mwaka huu lilikosekana kwa dakika chache tu.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Tulipanga mashindano sita tukafanya manne: mawili Tanga, moja Morogoro, moja Bagamoyo. Wanachama 19 walikwenda Naivasha kuangalia Safari Rally kwa nauli zao wenyewe. Tulichangia madawati, tukashiriki wiki ya usalama barabarani. Mapato yote ni shilingi 31,450,000, matumizi 29,870,000, salio 1,580,000. Mhazini atasoma mchanganuo. Wanachama tuliobaki kwenye daftari ni 86, baada ya kuingia wapya 7 na kujitoa 12. Hao kumi na wawili wamejitoa kwa sababu ya jambo ninalotaka kulizungumzia sasa, na naomba nisikilizwe hadi mwisho.

Mwezi Juni Kamati iliamua mambo mawili. La kwanza, gari lolote lisilo na mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi, swichi kuu ya kukata umeme, na tangi la mafuta lililotenganishwa na chumba cha dereva, lisiruhusiwe kuanza mbio. La pili, fedha za sherehe ya mwisho wa mwaka zinunue vifaa vya moto. Siku ya ukaguzi magari 11 kati ya 23 yalirudishwa: sita kwa mitungi, manne kwa swichi, moja kwa tangi. Maneno yaliyoandikwa baada ya hapo kwenye kundi letu la WhatsApp sitayarudia mbele ya wazee.

Nieleze tulichokiona Machi, maana wengi wanaolalamika hawakuwepo. Nilikuwa kwenye kona ile ya shamba la mkonge, kilomita ya tisa, nikiwa na karatasi za muda mkononi. Gari lilikuja kasi, tairi la nyuma likagonga tuta, likapinduka mara mbili na kulalia paa. Dereva alitoka. Navigeta wake, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, alibaki ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini. Pampu ya mafuta iliendelea kulia kule kwenye buti kama nyuki ndani ya kopo, kwa sababu umeme haukukatika na swichi ya kuukata haikuwepo. Kila sekunde iliyopita, pampu ile ilikuwa inasukuma petroli kupitia mpira uliokatika. Ilitiririka hadi kwenye paa, ambalo sasa ndilo lilikuwa sakafu, ikakusanyika karibu na nywele za kijana yule. Niliuchomoa mtungi wa gari lenyewe. Mshale wa geji ulikuwa kwenye nyekundu, na karatasi ya ukaguzi ilikuwa ya mwaka 2016. Nilibonyeza, ukakohoa mara moja, basi.

Moto ulianzia upande wa turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa. Wote mnajua turbo inavyokuwa mwisho wa hatua ya mbio, chuma chekundu kabisa, mafuta yakidondokea pale hayahitaji cheche. Kilichomwokoa mtu yule ni panga la mfanyakazi wa mkonge lililokata mkanda, na wenzake sita waliotupa udongo kwa mikono na sufuria. Jaketi la navigeta yule lilikuwa la poliesta, likayeyuka likashika shingo. Alilazwa wiki tatu. Leo yupo, safu ya pili, na ninamshukuru kwa kuniruhusu nilieleze hili. Gari lilibaki mabati.

Tangu siku ile sijalala vizuri, na sitaona haya kusema hivyo. Mimi ndiye niliyesaini karatasi ya kuruhusu gari lile lianze.

Sasa hoja za wapinzani wa uamuzi. Imesemwa kwamba moto ni mambo ya Formula One, sisi tunakimbiza Subaru na Lancer za kawaida. Ndugu zangu, tukio lililobadilisha mchezo wetu huu halikutokea Formula One. Lilitokea kwenye rali, kisiwani Corsica, tarehe 2 Mei 1986. Henri Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto walikuwa wanaongoza wakiwa na Lancia Delta S4. Gari lilitoka njiani kwenye kona ya kushoto, likaanguka bondeni kwa paa. Matangi yake ya mafuta yalikuwa chini ya viti. Yalitoboka, yakalipuka, na wote wawili walifia humo. Baada ya hapo magari ya Group B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kubwa kama lile, yalipigwa marufuku, mwisho wake ukawa msimu ule ule. Lile gari moja tulilolirudisha kwa sababu ya tangi lilikuwa na tangi la kuchomelea mtaani, limefungwa nyuma ya kiti cha navigeta, bila ukuta wa bati katikati. Niambieni nililikosea nini.

Mwanachama mmoja mwenye gari la kifahari aliniandikia kwamba gari lake limetoka kiwandani salama na halihitaji kuguswa. Namheshimu, lakini mwaka 2010 Ferrari iliyaita magari 1,248 ya aina ya 458 Italia kwa sababu gundi iliyotumika karibu na matao ya magurudumu ilikuwa inapata joto na kuwaka. Ikiwa gari jipya la bei ile linaweza kuwaka bila kugonga kitu, gari lililobomolewa na kufungwa upya na mafundi wetu tunalidai nini? Gari la kasi linabeba injini yenye joto kubwa, mipira ya mafuta yenye msukumo, na bodi jepesi linalokunjika, vyote vikiwa vimebanana mahali pamoja. Likigonga, vinakutana.

Imesemwa pia kwamba ovaroli za moto kwa wasimamizi wa njia ni anasa, kwamba wao hawakimbii. Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Tarehe 29 Julai 1973 kule Zandvoort, Uholanzi, gari la dereva wa Formula One, Roger Williamson, lilipinduka likawaka, yeye akiwa hai ndani yake. Mwenzake David Purley alisimamisha gari lake mwenyewe, akavuka njia kwa miguu, akajaribu kulinyanyua lile gari peke yake. Wasimamizi walikuwa pale pale. Hawakuwa na nguo za moto, hawakuweza kusogea. Mtungi ulikuwa mmoja na haukutosha. Mbio ziliendelea. Williamson alikufa akiwa na miaka 25, na Purley akapewa nishani ya George ya Uingereza kwa ushujaa wake. Sasa tazameni vijana wetu wa vijijini tunaowalipa posho ya elfu kumi na tano: fulana, kandambili, na kizibao cha kung'aa cha poliesta juu yake. Tutawalaumu vipi wasipokaribia gari linalowaka? Na wakikaribia, tutawaambia nini mama zao?

Upande wa pili mnaujua, maana wengi mliangalia moja kwa moja. Bahrain, 29 Novemba 2020. Gari la dereva wa Formula One, Romain Grosjean, liligonga ukuta wa chuma kwa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili, mafuta yakatoka na kuwaka. Alikaa ndani ya moto sekunde 27. Alitoka kwa miguu yake, mikono imeungua. Ovaroli, glavu, kofia na nguo za ndani za moto ndizo zilizompa zile sekunde. Hazizimi moto, zinampa mtu muda wa kutoka.

Na wenzetu wa Morogoro hawahitaji mfano wa Ulaya. Wanakumbuka Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka na watu wakalikaribia; zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unakaa kwenye mitaro na mashimo ambako huuoni. Ndiyo sababu gari letu likianguka tunataka mtu wa kwanza akate umeme, wa pili ashike mtungi, na watazamaji wenye sigara na bodaboda wasukumwe nyuma. Kazi hiyo haifanyiki kwa mikono mitupu.

Kuhusu fedha, nasoma taratibu ili ziandikwe. Mitungi 14 kwa shilingi 95,000 kila mmoja ni 1,330,000. Seti 8 za ovaroli, glavu na soksi za kichwa kwa 620,000 kila seti ni 4,960,000. Visu 10 vya kukatia mikanda ni 190,000. Jumla 6,480,000. Imesambazwa habari kwamba muuzaji ni shemeji yangu. Si shemeji yangu, wala hatujuani. Bei tatu zililetwa, tukachukua ya kati kwa sababu ya chini haikuwa na tarehe kwenye mitungi. Tena gari la mdogo wangu wa tumbo moja lilikuwa la pili kurudishwa siku ile ya ukaguzi, na hadi leo hatusemeshani vizuri.

Imesemwa kwamba Kamati ilipaswa kusubiri Mkutano Mkuu. Niliitisha mkutano Aprili, wakaja watu 9. Nikaitisha tena Mei, wakaja 14. Akidi yetu ni theluthi moja, yaani 29. Leo daftari lina majina 33, na nashukuru, ingawa naelewa kwamba wengi mmekuja kuuliza habari ya sherehe. Sherehe ya mwaka juzi tulikuwa 140 pamoja na wake, waume na watoto, na hakuna aliyepotea njia kuja ukumbini.

Ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 31, sawa na 3,720,000. Ambao hawajalipa ni 55, sawa na 6,600,000. Naomba mziangalie namba hizo mbili, 6,600,000 na 6,480,000. Vifaa vyote vya moto vingelipwa kwa madeni yenu, na sherehe ingekuwepo, na mbuzi wangechinjwa. Wengine waliopiga kelele zaidi wana deni la miaka mitatu. Sitawataja, Mhazini anawafahamu nao wanajifahamu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litupe mafunzo, na ikiwezekana gari lao liwe karibu siku za mbio. Tunafikiria pia namna ya kuwasaidia wanachama wenye magari ya matangi ya kuchomelea mtaani wapate matangi ya mpira yenye sponji ndani, ambayo hayamwagiki hovyo yakipondeka. Bei yake ni kubwa, tutaona. Wenye kuanza kuleta magari ya umeme nao tutakaa nao, maana betri ikiharibika inaweza kuzimwa ikawaka tena baadaye, na hilo bado hatujajipanga.

Uamuzi wa Juni unabaki. Mkutano huu una mamlaka ya kuutengua kwa kura, na nitaheshimu kura, lakini karatasi ya kuruhusu gari lisilo na mtungi ataisaini mwenyekiti mwingine.

Nimeleta mitungi miwili. Baada ya chai tutawasha petroli kidogo kwenye sinia nyuma ya ukumbi, na kila dereva na navigeta wake wazime wenyewe. Mtungi wa kilo mbili unakwisha kwa sekunde kama kumi hivi, kwa hiyo elekezeni chini kwenye shina la moto, msipige juu kwenye ndimi zake. Wenye nguo za poliesta wasimame mbali.

Naomba kuwasilisha.