Taka za samaki: tuanze na pipa, kiwanda baadaye

Mhariri,

Zikitajwa taka za ufugaji wa samaki na kamba, sifa zote huenda kwa kitosani. Sikatai, ni mali. Hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, husafisha maji, na bandeji zake huzuia damu kwenye majeraha. Ila kuipata kwa njia iliyozoeleka ni kuondoa chokaa ya ganda kwa asidi ya hidrokloriki, kuondoa protini kwa kostiki soda, halafu kuchemsha tena kwenye kostiki soda nzito zaidi. Maji yanayobaki nayo ni taka, tena kali kuliko maganda yenyewe. Mfugaji mdogo hapo hana lake, labda akaushe maganda awauzie wenye mitambo.

Kinachomfaa yeye ni saileji ya samaki, yaani taka za samaki zilizohifadhiwa kwa asidi, ambayo haina mtu wa kuipigia debe. Matumbo, vichwa na mifupa husagwa vikiwa bado vibichi, vikatiwa kwenye pipa la plastiki (la chuma litaliwa na asidi), vikachanganywa na asidi ya fomiki, kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100, na kukorogwa vizuri hadi pH, kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 4. Glavu na miwani ni lazima. Bakteria wa uozo hawaustahimili ukali huo, lakini vimeng'enya vya matumbo ya samaki vinaendelea na kazi. Kukiwa na joto, baada ya siku chache nyama imeyeyuka ikawa uji wa kahawia, mafuta yameelea juu, na pipa linanuka uchachu, si uvundo. Uji huo huchanganywa kwenye chakula cha nguruwe au kuku.

Wafugaji wa salmoni wa Norwei huhifadhi hivyohivyo hata samaki waliojifia vizimbani. Samaki hao waliojifia lakini wana pipa lao, wala wasichanganywe kamwe na taka za samaki wazima waliochinjwa. Umoja wa Ulaya unakataza pia kuwalisha samaki wa kufugwa protini iliyotokana na wafugwa wenzao wa aina ileile, na sioni sababu ya kubishana na hilo.

Magamba ya chaza hayana haraka. Karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Yakisafishwa na kusagwa, yanafaa shambani na kwa kuku watagao.

Ombi langu kwa wanaofundisha ufugaji wa samaki: somo la saileji liwekwe siku ileile ya somo la kuchinja, na asidi iwe imeshanunuliwa kabla kisu hakijashikwa.

Msomaji wako.