Chuo kikimpokea mama, kipokee na wanawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu Oktoba mwaka jana. Mimi ni fundi seremala, mwenyeji wa Songea, kwa sasa naishi hapa Morogoro. Mke wangu ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha hapa, tulishauriana usiku mzima, na kulipokucha tulikuwa tumekubaliana kwamba hatakwenda peke yake. Kitinda mimba wetu alikuwa na miezi minane, bado ananyonya. Wa katikati alikuwa na miaka mitatu na nusu. Karakana yangu ilikuwa ya kupanga, na zana zangu zote zinaenea kwenye sanduku moja: randa mbili, misumeno, patasi, drili, nyundo. Chuo hakihamishiki, lakini fundi anahamishika.

Binti yetu mkubwa tulimwacha Songea kwa bibi yake. Alikuwa darasa la nne, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanyika mwishoni mwa Oktoba, wakati uleule ambao chuo kilimtaka mama yake aripoti. Jina lake lilikwishasajiliwa kule, hatukuweza kumng'oa wiki mbili kabla ya mtihani. Mwaka wa chuo unaanza wakati mwaka wa shule ya msingi unaelekea ukingoni, na katikati ya ratiba hizo mbili ndipo familia inapokatika vipande viwili. Alitufuata Januari, baada ya walimu kukamilisha uhamisho wake kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Siku tunaondoka alikuja stendi na sare za shule, akamfunga mdogo wake kamba za viatu, hakusema neno.

Safari ilikuwa ndefu: Njombe, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, halafu mbuga ya Mikumi. Mwanangu wa katikati aliona twiga watatu kandokando ya barabara, na mpaka leo ukimuuliza Morogoro iko wapi atakwambia iko baada ya twiga. Tulishuka stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, saa mbili usiku, tukalala gesti. Nilidhani siku moja itatosha kupata nyumba. Zilikwenda tano.

Naomba nieleze siku moja tu kati ya hizo. Dalali alitupeleka kwenye nyumba upande wa Mafiga, nyumba nzuri, uani kuna bomba na mti wa mpera. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, tulimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibuni." Akatuletea maji ya kunywa. Alipomwona mtoto mgongoni kwa mke wangu, na huyu mwingine ambaye alikwishafungua bomba na kuingiza miguu kwenye ndoo, uso wake ulibadilika, ingawa hakukunja sura. Alisema kwa upole kabisa: "Baba, msinielewe vibaya. Vyumba vyangu nimewapangisha wanafunzi. Mtoto akilia usiku wa mitihani, wale wanahama wote, na mimi nakula kwa hivyo vyumba." Mke wangu akamshukuru. Tulipotoka getini mama yule akatuita turudi, akampa mtoto mapera mawili.

Simlaumu. Chumba ambacho familia italipa kodi moja, wanafunzi wanne watakilipia kila mmoja fungu lake, tena kwa muhula mzima na kabla hawajafungua begi. Ndiyo sababu hapa mjini nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia zimepigwa kuta katikati. Sebule imekuwa vyumba viwili, stoo imekuwa chumba, na uwanja ambao watoto wangechezea umejengwa vyoo. Nimeingia kwenye nyumba hizo kwa kazi, nimepiga milango hiyo kwa mkono wangu. Hakuna sheria iliyovunjwa wala mtu aliyekusudia kumfukuza mtoto wa mwenzake. Pesa tu ndiyo imeelekea upande mmoja, na hakuna mkono ulioizuia.

Mwishowe tulipata chumba na sebule Kihonda, kwenye nyumba ambayo haijaisha. Kodi ya miezi sita tulilipa kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja tukampa dalali. Kutoka pale mpaka chuoni ni daladala mbili. Mke wangu alikuwa anaondoka saa kumi na mbili asubuhi ili awahi kipindi cha saa mbili, na vipindi vya maabara vilimfikisha saa kumi na moja jioni. Mtoto ananyonya. Maziwa ya kukamua yalimfaa kwa siku chache, halafu akakataa kikombe. Analia mpaka sauti inakauka.

Basi nikawa nampeleka. Saa sita mchana nambeba mgongoni kwa khanga ya mama yake, huyu wa katikati nimemshika mkono, tunapanda daladala mpaka getini kwa chuo. Watoto hawaingii, ndiyo kanuni, na mlinzi alinieleza kwa heshima. Nje ya geti kuna mwembe. Mke wangu anatoka maabara mbio, koti jeupe amelikunja kwapani, mikono ameiosha kwa sabuni mpaka imepauka. Anakaa kwenye jiwe, anajifunika khanga, mtoto ananyonya dakika ishirini. Magari ya wahadhiri yanapita, wanafunzi wanapita na vibanio vya karatasi, boda wanapiga honi. Wiki ya pili mlinzi yule alitoa kiti chake cha plastiki kibandani akakileta chini ya mwembe bila kuombwa. Kila siku, kuanzia Novemba mpaka Machi, kiti kile kilikuwa kinatusubiri. Mungu ambariki. Lakini Mhariri, mtu mmoja kukosa pa kukaa kwa saa nzima ili mwanangu anyonye, huo ni wema wake yeye. Chuo hakiwezi kuuhesabu kuwa mpango wake.

Watu huniuliza kwa nini hatukutafuta kituo cha kulelea watoto. Tulitafuta. Vya karibu na chuo vilikuwa viwili. Kimoja hakipokei chini ya miaka miwili. Kingine kinafunga saa tisa alasiri, wakati mama bado yuko maabara. Huyu wa katikati nilimwandikisha huko, nikawa naacha kazi saa nane na nusu kwenda kumchukua. Fundi anayeacha kazi saa nane na nusu, mteja wa pili hamrudii. Nilijikuta nafanya kazi usiku, mbao nimezilaza kwenye varanda, taa ya simu shingoni, huku nawaomba radhi majirani kwa kelele za randa.

Kuna kazi moja niliyoipata Februari ambayo bado inaniuma. Mwenye hosteli mmoja alinipa tenda ya vitanda kumi na viwili vya dabodeka, mbao za paina kutoka Mafinga. Nilifurahi, ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Nilikwenda kupima vyumba. Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye masharti ya nyumba: hakuna kupika chumbani, hakuna wageni baada ya saa nne usiku, hakuna watoto. Nilisimama pale na futi mkononi. Hosteli ile iko umbali wa dakika saba kwa miguu kutoka geti la chuo. Vitanda nilivitengeneza vizuri, nimevipiga msasa mara mbili ili visiwachome wanafunzi, maana nao ni watoto wa watu. Usiku nikirudi nyumbani wanangu wamelala kwenye godoro sakafuni, kwa sababu cha kwao sijapata nafasi ya kukitengeneza.

Katika kazi hiyo nilisaidiwa na mzee mmoja fundi, mwenyeji wa hapa, na yeye ndiye aliyenifungua macho. Siku moja nilikuwa nalalamika, akaniuliza: "Wewe, Mazimbu umefika?" Nilikuwa napapita tu. Jumapili tukaenda pamoja, na watoto.

Wengi wanajua kwamba mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Walijenga chuo na kukiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Walipokabidhi majengo mwaka 1992, yakawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hayo nilikwishayasikia. Nisichokijua ni kwamba watu wale, wakimbizi wasio na nchi, katikati ya mapambano, hawakujenga sekondari peke yake. Walijenga shule ya msingi na chekechea. Na kwa ajili ya wasichana waliozaa wakiwa masomoni kulikuwa na kituo cha akina mama na watoto, kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Mzee akanionyesha pia upande ilipokuwa karakana ya samani, iliyoitwa kwa jina la Vuyisile Mini. Vitanda na madawati yao walijitengenezea wenyewe. Nilisimama pale muda mrefu. Wanangu walikuwa wanakimbizana kwenye majani, upande ule unaotazama milima ya Uluguru.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba chuo chenye nafasi ya watoto ni mambo ya Ulaya. Yalifanyika hapahapa Morogoro zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na watu ambao hawakuwa na hata pasipoti.

Tena serikali yetu yenyewe ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu tumboni mpaka miaka minane. Maofisa ustawi wa jamii tunao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na namna ya kuvisajili. Msingi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja siku barua ya udahili inapoandikwa: huyu tunayemwita anakuja na nani?

Sisemi vyuo vijenge maghorofa ya familia kesho. Naomba chumba kimoja chenye mkeka, maji na mlango unaofungwa, ndani ya geti, ambamo mama anaweza kumnyonyesha mwanawe. Kituo kimoja cha watoto kinachofuata saa za vipindi, kikifunga saa kumi na mbili jioni, hata kama wazazi tutachangia, na tutachangia. Na barua ya udahili kwa mtu mzima mwenye watoto imfikie mapema, tuseme Julai, ili apate muda wa kutafuta nyumba na kupanga uhamisho wa shule, badala ya kuipata zikiwa zimebaki wiki tatu. Vitanda vya watoto vya kituo hicho, nitakapoambiwa kimepata jengo, nitavitengeneza kwa gharama ya mbao tu. Hilo naliandika hapa gazetini ili nidaiwe.

Nisiutendee mji huu vibaya. Wanaouita mji kasoro bahari hawakukosea. Maji yanatoka mlimani, mboga na ndizi zinashuka kila asubuhi vichwani kwa akina mama wa Uluguru, na mwanangu mdogo alijifunza kutembea kwenye udongo huu. Alipofikisha miezi kumi na minane nilimpeleka mimi kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Muuguzi akauliza mama yuko wapi, nikamwambia yuko darasani, akasema "vizuri sana" na kuandika kwenye kadi. Majirani zetu wanafunzi, wale tulioambiwa watakereka, ndio waliomfundisha binti yangu hesabu za darasa la tano. Mmoja wao alimsimulia habari za panya wakubwa wanaofunzwa pale Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, na tangu siku hiyo binti anasema na yeye atasoma huko. Mwezi wa saba wanafunzi hao walipomaliza na kuondoka, wanangu walilia wote watatu. Huyo mdogo aliendelea kugonga mlango wao kila asubuhi kwa zaidi ya wiki.

Nimeandika sasa kwa sababu wanafunzi wapya wanaingia mwezi ujao, na miongoni mwao wamo mama na baba ambao hivi sasa wanafunga mabegi Kigoma, Lindi au Bukoba wakijiuliza watoto wawaache kwa nani. Na kwa sababu wiki iliyopita mwenye nyumba wetu alikuja jioni, akakaa, akanywa chai, kisha akasema ameamua kuigawa nyumba iwe vyumba vya wanafunzi. Ametupa mpaka mwisho wa Septemba. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi, kama ninaweza kumfanyia milango.

Nimemwambia nitamfanyia. Lakini kama kuna msomaji wa gazeti hili mwenye chumba na sebule karibu na chuo chochote hapa Morogoro, hata kama bado hapajapigwa sakafu, tafadhali amwone Mhariri, namba yangu nimemwachia. Mke wangu amebakiza mwaka mmoja. Tunakuja watano, tunalipa kwa wakati, na kitanda cha watoto nimekianza.

Wako msomaji,
Fundi seremala, baba wa watoto watatu
Kihonda, Morogoro